Usiwashe Kwanza: Mwongozo wa Kuokoa Tepu za Riili kwa Mashine Mbovu

Nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zina boksi ambalo halifunguliwi wala halitupwi. Liko darini, juu ya kabati au chini ya kitanda cha kukhu, yaani bibi, na ndani yake mna magurudumu ya plastiki yaliyozungushiwa utepe wa kahawia. Mjukuu akiuliza, huambiwa: "Hiyo ni sauti ya kuka wako, usichezee." Basi hachezei. Miaka inapita, panya wanapita, na mwishowe hakuna ajuaye kuka, huyo babu, alisema nini.

Mwongozo huu ni wa yule mjukuu. Umeandikwa kwa imani kwamba mashine utakayoipata ni mbovu, kwa sababu leo karibu zote ni mbovu, na kwamba ubovu huo hautakuzuia.

Kabla ya kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, sauti ya mtu ilihifadhiwa kwenye riili. Redio ya taifa ilizitumia, tangu enzi ilipoitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964 mpaka iliporudia jina la KBC mwaka 1989. Wamisionari walizitumia, na walimu pia, pamoja na baba yeyote aliyerudi kutoka kazini Nairobi na rekoda ya Grundig mkononi. Nyingine zilikwenda mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba, na sauti zao zikahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye kopi zilirudishwa kwa jamii ile ile, baadhi ya waliorekodiwa wakiwa bado hai. Sauti zile zilikuwa na maktaba ya kuzitunza. Boksi la kukhu halina mtunzaji mwingine ila wewe.

Hatua ya 1: Mfukuze anayesema "washa tuone"

Katika kila kundi la watu watano wanaoizunguka mashine ya zamani, mmoja atasema maneno hayo. Mtume dukani. Mtume mbali.

Mashine iliyolala miaka 30 ina grisi iliyoganda kama gundi, mkanda wa mota ulioyeyuka, na kapasita zilizokauka au zinazongoja stima zipasuke. Ukiiwasha kwa pupa, unaweza kuunguza mota ambayo ingefanya kazi vizuri baada ya kupakwa mafuta kidogo. Ukiwasha huku umeshaweka tepu, mashine inaweza kuitafuna sauti ambayo haina kopi popote duniani.

Kwanza tazama nyuma. Mashine nyingi zina kitufe cha kuchagua volti: 110, 220, 240. Kenya tunatumia volti 240. Kama shangazi aliitoa Marekani na kitufe kiko kwenye 110, moshi utakutangulia kutoka chumbani.

Hatua ya 2: Ipeleke Kitale kwa fundi mzee

Mtafute fundi wa redio mwenye mvi, yule ambaye kibanda chake bado kina redio za mbao. Vijana wa simu ni hodari, lakini wengi wao hawajawahi kuona mota inayozungusha sauti. Mazungumzo yenu yataanza hivi:

"Mzee, habari ya kazi? Nimekuletea tepu rekoda."

"Ushaiwasha?"

"Bado."

"Basi kaa tuongee. Ungekuwa umeiwasha ningekwambia urudi nayo nyumbani."

Fundi wa namna hiyo ataiunganisha mashine na stima kupitia balbu ya nyuzi, ile ya zamani inayotoa joto, iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Mashine ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na mashine inapona. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kuna matumaini. Hiki ni kipimo cha bei ya balbu moja, na kimeokoa vifaa vingi kuliko kitabu chochote.

Kisha mfuniko unafunguliwa. Mara nyingi ndani utakuta mkanda wa mota umegeuka lami nyeusi inayonata kwenye puli, na kutoka hapo kwenye vidole, shati na kila unachogusa siku hiyo. Ufute kwa spiriti na vitambaa vingi. Mzunguko wa mkanda mpya upime kwa uzi kwenye njia yake, kisha tafuta mkanda ulio mfupi kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, ili ukae kwa kukaza. Fundi anaweza kukata mpira wa tyubu ya baiskeli. Unafaa kwa kujaribu kama mota inazunguka. Kwa kurekodi haufai, kwa maana unene wake haulingani kote, nao utaitetemesha sauti ya kuka hadi watu wadhani alikuwa analia.

Mwambie fundi aangalie pia rola ya mpira inayoibana tepu dhidi ya mhimili. Ikiwa imekuwa ngumu na inang'aa, tepu itateleza. Ikiwa imelainika inanata, tepu itajizungusha humo na kukatika. Mhimili ndio unaoamua kasi, lakini rola ndiyo inayoifanya tepu iufuate, kwa hiyo usiionee uchungu pesa utakayoitumia hapo.

Hatua ya 3: Chagua ubovu wa kuishi nao

Usijaribu kuirudisha mashine ujana wake. Kwa kuokoa tepu unahitaji vitu vitatu tu: kasi isiyoyumba, hedi safi ya kusomea, na mvuto mpole unaoipitisha tepu bila kuivuta. Spika ikiwa imekufa, iache. Mishale isipocheza, iache. Kurudisha nyuma kwa kasi kukikataa, shukuru, kwa sababu tepu dhaifu haipendi kukimbizwa. Irudishe kwa mkono, taratibu.

Na kuna kitu kimoja kinachofanya kazi ambacho unapaswa kukiua: uwezo wa mashine kurekodi. Mwambie fundi akifunge kitufe cha kurekodi na akate waya wa hedi ya kufutia. Kidole kimoja cha mtoto kwenye kitufe chekundu kinatosha kuufuta mwaka 1968 wote.

Mashine za Marekani zina ugonjwa mmoja zaidi. Umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota nyingi za zamani hufuata mapigo hayo, hivyo hata ukishatatua habari ya volti, tepu itakwenda polepole kwa karibu asilimia 17, na kila mwanamke kwenye tepu atakuwa na sauti ya mwanamume. Baadhi ya mashine zina bushi ya kubadilisha kwenye mhimili wa mota. Kama huna, rekodi hivyo hivyo, kisha kwenye kompyuta ongeza kasi mara 1.2. Ubovu unaopimika si ubovu wa kukulaza macho.

Hatua ya 4: Safisha, halafu jaribu kwa tepu isiyo na mwenyewe

Hedi na vijiti vyote vinavyoguswa na tepu visafishwe kwa pamba na alkoholi ya isopropili, ile isiyo na maji mengi. Pamba itatoka na unga wa kahawia. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ikauke.

Tepu ya kwanza kupita kwenye mashine iwe ile ambayo haimuumizi mtu ikiliwa. Omba mafundi wa zamani wakupe kipande chochote. Mashine ikikila kipande hicho, umejifunza bila kumzika mtu mara ya pili.

Hatua ya 5: Ijue tepu kabla haijaigusa mashine

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo pa kukaa. Fungua boksi mchana, karibu na dirisha, mikono ikiwa mikavu. Inua riili uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Ikiwa mwanga unapenya kwenye mzingo wa tepu, hiyo ni asetati, ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi. Ikiwa ni nyeusi tii, huenda ni poliesta. Asetati hukatika kwa mkato safi unaoungika tena. Poliesta hunyooka, na maneno yaliyonyooka hayarudi.

Inuse. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza. Itenge na nyingine, kwa sababu mvuke wake huwaambukiza wenzake, na uirekodi kabla ya zote. Ukiona ukungu, ambao mvua za Kitale huuleta bila kualikwa, vaa barakoa na ufungie riili ndani ya chombo pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu mpaka ukungu ukauke, ndipo uupanguse kwa kitambaa laini.

Tepu za poliesta za miaka ya 1970 na 1980, hasa baadhi za Ampex, zina maradhi mengine: gundi iliyoshika chembe za sumaku imenyonya unyevu. Tepu inapiga kelele ikipita, inanata, na kuacha matope kwenye hedi. Ukisikia kelele hiyo, simamisha papo hapo. Dawa ni kuikausha kwa joto dogo la nyuzi 54 kwa saa nane au zaidi, kisha kuirekodi ndani ya siku chache kabla unyevu haujarudi. Tumia kikaushio cha matunda cha umeme chenye kidhibiti joto, na kipimajoto chako mwenyewe ndani. Mashine ya kuangulia vifaranga haitoshi, maana hiyo huishia nyuzi 38. Oveni inazidi. Jua la uwanjani halina kidhibiti: mahindi huanikwa, tepu haianikwi. Na asetati usiipe joto kabisa, utaiua.

Hatua ya 6: Beba mashine uifuate tepu

Sasa mashine iko Kitale na imepona nusu, tepu ziko Bungoma. Wengi hukusanya tepu wazipeleke kwenye mashine. Fanya kinyume chake. Mashine ikivunjika njiani, fundi yupo. Tepu ikipotea, hakuna fundi wa sauti ya marehemu. Tena watu wanaojua kilichomo wako Bungoma, na wengi wao hawapandi tena matatu.

Funga mashine kwa blanketi, lipa kiti chake, uipakate kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Na kama lazima usafiri na tepu, usikae karibu na zile spika kubwa chini ya kiti cha nyuma. Sumaku zake ni kali, na tepu ni sumaku tupu. Ukifika, iache mashine ipumzike usiku kucha kabla ya kuiwasha, ipate hali ya hewa ya nyumba.

Hatua ya 7: Mara ya kwanza ndiyo ya kurekodi

Hii ndiyo sheria kubwa kuliko zote katika mwongozo huu, na familia nzima itakuomba uivunje. Watasema: "Tusikie kidogo tu kwanza." Kataa kwa heshima. Tepu dhaifu inaweza kupita mara moja tu ikiwa salama. Ukiitumia mara hiyo kwa kusikiliza tu, umeila mbegu. Rekodi na kusikiliza viende pamoja.

Toa waya kwenye tundu la kutolea sauti nyuma ya mashine, uuingize kwenye kadi ya sauti ya nje, kisha kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika, isipokuwa umekosa kila njia nyingine. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Chagua biti 24 na kilohezi 96, hifadhi kama WAV. Saa moja ya stereo itakula kama gigabaiti 2, kwa hiyo andaa nafasi. Kilele cha sauti kikae chini kidogo, kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ndogo huinuliwa baadaye, iliyopasuka haiungwi. Kompyuta iwe imejaa chaji, kwa sababu stima ya kijijini ina ratiba yake.

Kasi nayo utaijaribu: sentimita 19 kwa sekunde, 9.5, wakati mwingine 4.75. Riili ya sentimita 18 yenye tepu ya mita 549 huchukua dakika 96 kwa kasi ya 9.5, basi waambie watu walete chai mapema. Sauti ikianza vizuri kisha ikapanda taratibu kama ya ndege, betri za aliyerekodi zilikuwa zinakwisha siku ile. Andika dakika ilipoanzia. Itarekebishwa kwenye kompyuta.

Na ukisikia spika ya kulia ikitoa maneno yasiyo ya lugha yoyote ya Mulembe, yaani ya Waluhya, usiite mchungaji. Huo ni upande wa pili wa tepu unaosomwa kinyumenyume. Rekodi njia zote mbili kwa pamoja, kisha kwenye Audacity igeuze ile ya kulia. Umepata pande zote mbili kwa safari moja ya tepu.

Tepu ikifika mwisho, usiirudishe mwanzo. Ihifadhi ilivyo na uandike kwenye boksi kwamba imeishia mwisho. Ilivyozungushwa kwa kasi ya kawaida imekaa sawasawa, na hivyo itadumu zaidi.

Hatua ya 8: Iache mvua juu ya mabati

Programu itakushawishi uondoe kelele zote. Faili ya kwanza isiguswe kabisa. Fanyia kazi kopi.

Kelele nyingine ni habari. Mvua inasema ulikuwa msimu gani. Kuku wanasema ni uani, mwangwi unasema ni kanisani. Kwenye khuswala kumuse, hotuba ya kumuenzi mzee baada ya maziko, msemaji hutembea mbele ya watu waliokaa wakimsikiliza, na maikrofoni ya zamani ilikaa mahali pamoja. Kwa hiyo sauti yake husogea, hufifia, hurudi. Ukiwasha ule mtambo wa kusawazisha sauti, umemketisha mtu ambaye mila ilimtaka atembee.

Hatua ya 9: Mketishe anayejua

Kuna jambo ambalo hakuna mashine nzima wala mbovu inayoweza kulifanya. Faili safi ya saa moja na nusu, isiyo na jina la mtu hata mmoja, ni sauti ya wageni. Miaka 50 tangu litungu lile, ala ya nyuzi ya Babukusu, lipigwe, kijana wa leo hawezi kujua ni nani aliyelipiga, ni wa ukoo gani, na kwa nini watu wanacheka katikati ya wimbo. Kukhu anajua.

Kwa hiyo mwite kabla hujabonyeza kitufe. Mpe kiti chenye egemeo, karibu na spika ndogo, na umwekee rekoda ya pili, simu yako inatosha, inayomrekodi yeye anaposikiliza. Usimhoji sana. Muulize: "Kukhu, huyu ni nani?" kisha nyamaza. Atataja jina, halafu jina la mkewe, halafu shamba walilolima, halafu deni ambalo halikulipwa. Kama tepu ni ya tohara, atakuambia ilikuwa ya mwaka gani kwa kukutajia rika, kwa sababu Babukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili na kila rika lina jina lake. Hapo umepata tarehe ambayo boksi halikuandika.

Andika yote siku hiyo hiyo ndani ya jina la faili na kwenye daftari: mwaka, mahali, tukio, watu, kasi, upande. Piga picha boksi na kila maandishi ya mkono yaliyo juu yake.

Hatua ya 10: Uliza kabla ya kusambaza

Mjomba aliye ng'ambo atataka kila kitu kwenye YouTube jioni hiyo. Mwombe asubiri. Nyimbo za sherehe na za harusi huenda hazina shida. Mambo yaliyosemwa kwa watahiriwa, au maneno ya msemaji wa kumuse, yana wenyewe, na wenyewe waulizwe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii, lakini hata isingekuwepo, adabu ingetosha. Kama ni wimbo wa mwanamuziki anayejulikana, familia yake ina haki pia.

Kisha tengeneza kopi tatu, mbili kwenye vifaa tofauti nyumbani, moja mji mwingine kabisa. Fikiria pia kuzungumza na Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na hazina ya Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, vitabu na vifaa vya kila namna maisha yake yote. Mji uliotunza vipepeo vya mlowezi unaweza kutunza sauti za wazee wetu pia. Riili zenyewe usizitupe. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na moshi wa jikoni.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu

Wataalamu wa hifadhi za sauti, wakifanya kazi na UNESCO, waliutaja mwaka 2025 kuwa mwaka ambao baada yake tepu nyingi zisingeweza kusomwa tena, kwa kukosekana mashine na watu wanaojua kuzitumia. Mwaka huo umeshafika, na mafundi wenye mvi bado wapo Kitale. Mashine mbovu bado zinatengenezeka.

Watu wa kwenye tepu, na wale wanaozijua sauti zao, hawana vipuri. Poliesta nzuri, ikikaa pakavu, itamngoja mjukuu miaka mingine kumi. Kukhu mwenye miaka 88 hawezi kuahidi hivyo. Basi kama mfuko wako una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, mkanda wa mota au nauli, lipa nauli. Nenda bila mashine, mfungulie kukhu mfuniko wa boksi, na umwombe akusimulie nani alikuja siku ile kurekodiwa na nani alikataa. Rekodi hayo kwa simu. Mkanda wa mota utaununua mwezi ujao, na tepu utakapoicheza utakuwa unajua unamsikiliza nani.